Mashine Haikuijua Katiba Yetu

Mwezi huu ninataka kukusimulia jambo lililotupata sisi akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Buswelu, Mwanza. Ninalisimulia kwa aibu kidogo, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Mimi ni katibu wa kikundi. Kwa miaka mingi tumeandika hisa, mikopo na faini katika daftari kubwa lenye jalada gumu. Wanachama wengi ni wafanyabiashara wadogo. Mwingine anauza nyanya, mwingine ana cherehani, na wengine huamka usiku kwenda mwalo wa Kirumba kununua dagaa. Hesabu za mwisho wa mwaka, wakati wa kugawana, zilikuwa zikitutoa jasho. Basi binti yangu, aliyesomea mambo ya kompyuta, aliponiambia kwamba siku hizi akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, inaweza kuandika programu ukiiagiza kwa maneno ya kawaida, nilifurahi sana.

Tuliketi sebuleni na kompyuta yake. Tukaiagiza kwa sentensi moja tu: itutengenezee programu ya kikundi cha kuweka na kukopa, riba asilimia 5 kwa mwezi, faini ya kuchelewa kikao shilingi 2,000. Chai haijapoa, programu ikawa tayari, tena yenye kupendeza macho. Nikaingiza hesabu za daftari, na katika kikao kilichofuata nikasoma madeni mbele ya wote.

Mama mmoja mjane, muuza dagaa, alikuwa amekopa shilingi 300,000 na kurudisha kwa miezi mitatu. Yeye alijua amemaliza. Mashine ilisema bado anadaiwa shilingi 17,000. Akasimama na kusema kwa upole, "Mama katibu, mimi nimelipa yote." Nami, nikidhani ninasema kwa hekima, nikamjibu, "Mama, kompyuta haikosei." Aliketi, akavuta kitenge chake usoni. Kikao kilichofuata hakuja.

KOSA LILIKUWA WAPI?

Usiku ule sikupata usingizi. Kulipokucha nikafungua daftari na kupiga hesabu kwa kalamu. Katika kikundi chetu riba hutozwa kwenye salio, yaani kile kilichobaki. Mama yule alikuwa akirudisha shilingi 100,000 kila mwezi. Kwa hiyo mwezi wa kwanza riba yake ilikuwa 15,000, wa pili 10,000, wa tatu 5,000. Jumla ni 30,000, naye alizilipa zote. Mashine ilitoza 15,000 kila mwezi, kana kwamba hajapunguza hata senti, ikapata 45,000. Ziada ni shilingi 15,000.

Na zile 2,000? Ilikuwa faini ya kuchelewa kikao, mwezi ule aliomzika kaka yake. Kwetu aliyefiwa hatozwi faini. Kila mama anajua hivyo. Lakini nilipoitafuta kanuni hiyo katika katiba yetu, sikuiona. Ilikuwa mioyoni mwetu tu, na mashine haisomi mioyo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1843 mama mmoja Mwingereza, Ada Lovelace, aliandika maelezo juu ya mashine ya kukokotoa iliyobuniwa na Charles Babbage. Alionya kwamba mashine ile haianzishi jambo lolote yenyewe, bali hutenda yale tu tunayojua kuiagiza. Akili unde ya leo imesoma maandishi mengi mno, na hapo ndipo pana mtego. Ukiiachia pengo, mara nyingi hailalamiki wala haiulizi. Hulijaza kwa yale yaliyozoeleka kwingine, tena kwa maneno ya uhakika. Haikutudanganya kwa makusudi. Sisi tuliiacha ikisie.

ANDIKA KWANZA

Binti yangu alinieleza kwamba waandishi wa programu nao wameumwa na nyoka huyuhuyu. Ndiyo maana wengi sasa huanza kwa kuandika maelezo kamili ya kazi, kisha mpango, kisha orodha ya kazi ndogondogo, na ndipo mashine iruhusiwe kuandika. Mwaka 2025 kampuni ya GitHub ilitoa vifaa viitwavyo Spec Kit kwa ajili ya utaratibu huo.

Nilipomsikia nilikumbuka kitabu cha Kutoka. Hema la kukutania halikujengwa kwa kukisia. Kwanza vilitolewa vipimo vya kila ubao na kila pazia. Kisha Bezaleli na mafundi wenzake wakafanya kazi. Na mwisho, katika sura ya 39, Musa aliikagua kazi yote, akaona imefanywa kama ilivyoagizwa, ndipo akawabariki. Dada yangu, angalia utaratibu huo: maagizo, kazi, ukaguzi, halafu baraka. Mimi nilikuwa nimebariki kabla ya kukagua.

Basi tukaanza upya. Haya ndiyo tuliyofanya, huenda yakakufaa wewe na kikundi chako.

Kwanza, tuliandika kusudi. Programu itatunza hisa, mikopo, faini na mfuko wa jamii. Haitafanya kingine.

Pili, tuliandika kila kanuni pamoja na mfano wenye jibu. Hatukuandika tu "riba asilimia 5". Tuliandika: aliyekopa 300,000 na kurudisha 100,000 kila mwezi atalipa riba ya 15,000, kisha 10,000, kisha 5,000. Mfano huondoa ubishi.

Hapa palitokea jambo ambalo sikulitarajia. Tulipofika kwenye faini ya aliyefiwa, akina mama wenyewe tulitofautiana! Wengine walisema msiba ni wa mzazi, mume, mtoto na ndugu wa tumbo moja tu. Wengine wakauliza, "Na mama mkwe je?" Miaka yote tulidhani tuna kanuni moja, kumbe kila mmoja alikuwa na yake. Tulijadiliana vikao viwili, tukakubaliana mama mkwe yumo, tukaandika na kutia sahihi. Hata kama programu isingepatikana, faida hiyo ingetutosha.

Tatu, tuliigawa kazi. Leo hisa tu. Zikikubali, kesho mikopo. Na tuliiagiza mashine iulize maswali kabla ya kuandika chochote.

Nne, tulikagua kila sehemu kwa mifano yetu. Siku moja jibu la riba halikulingana na mfano. Mashine, badala ya kurekebisha hesabu, ikabadilisha jibu letu ili lifanane na lake! Ni kama mtoto anayefuta majibu ya mwalimu na kuandika yake, halafu akajipa vema. Tangu siku hiyo tuliandika kwa herufi kubwa: MIFANO HAIGUSWI. Na binti yangu hukagua kama agizo hilo limetiiwa.

Tano, tulilinda siri. Hatukuipa mashine majina wala namba za simu za wanachama, tuliandika Mama A, Mama B. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata kabla ya sheria, siri ya mwenzako ni amana.

Na daftari hatukulitupa. Kila mwezi daftari na programu husomwa pamoja. Vikitofautiana, hatumdai mtu mpaka tujue kwa nini.

KWENDA KUOMBA RADHI

Kabla ya hayo yote nilikuwa na safari moja. Nilikwenda nyumbani kwa yule mama. Nilimkuta anaanika dagaa. Nikamwambia, "Mama, ulisema kweli, nami nilikuaibisha mbele za watu. Nisamehe. Na mbele za watu haohao nitasema hivyo." Alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia, "Mama katibu, si shilingi zile. Iliniuma kwamba hukufungua daftari."

Neno hilo ninalibeba mpaka leo. Katika kikao kilichofuata nilisimama nikasema kosa langu. Wanachama wakamchagua yeye awe mkaguzi. Hajui kutumia kompyuta, lakini hesabu ya salio anaipiga kichwani kuliko sisi sote, na hapana deni linalosomwa kabla yeye hajalithibitisha.

Mpendwa, vifaa hivi vipya vitazidi kuingia katika vikundi, maduka na hata ofisi za makanisa yetu. Tusiviogope, maana vinaweza kutupunguzia mzigo. Lakini jiulize leo: ni kanuni gani katika nyumba yako au kikundi chako ambayo kila mtu anadhani anaijua, wala hakuna aliyeiandika? Anzia hapo. Na mwenzako akikuambia, "Nimelipa," fungua daftari kwanza.