Injini Ifaayo Boti Kuukuu

Ndugu zetu wa Musoma na Bunda wenye boti kuukuu ya jamaa huuliza: tununue injini ya nguvu ya farasi wangapi? Twawajibu: ichunguzeni boti kwanza. Ugongeni ubao wa shetri uchukuao injini; ukilia kwa sauti dhaifu, huenda umeoza, nao utengenezwe kabla ya yote. Pimeni kimo chake: inchi 15 hutaka injini ya mguu mfupi, 20 mguu mrefu, ili rafadha isizunguke hewani. Injini ya mipigo minne hula mafuta kidogo, lakini kwa kawaida huizidi uzito ya mipigo miwili yenye nguvu sawa. Shetri ikilemewa, mawimbi ya Ziwa Victoria huingia. Msikivuke kipimo cha fundi aliyeiunda. Kasi ni fahari ya kitambo. Roho za watoto ni amana.