Kabla ya Leza, Ipimwe Konea

Anayetaka kuachana na miwani mara nyingi huja na swali moja: leza ipi ni mpya zaidi? Ni swali la matangazo. Kliniki huanzia kwingine, kwenye konea, lile tabaka angavu lililo mbele ya jicho. Ya mtu mzima huwa na unene wa maikroni 540 hivi katikati, zaidi kidogo ya nusu milimita. Leza huipunguza ili kuipa umbo jipya, na kilichoondolewa hakirudi.

Kati ya njia za leza, PRK ndiyo kongwe. Daktari hukwangua utando wa juu, kisha leza huchonga konea moja kwa moja. Utando huota tena baada ya siku chache, na siku hizo zinauma, tusidanganyane. LASIK hufungua kwanza kifuniko chembamba, leza ikapita chini yake, kisha kifuniko kikarudishwa bila mshono. Kesho yake wengi wanaona vizuri, ndiyo maana inapendwa. Lakini mkato huo hupita kwenye neva nyingi za konea, hivyo macho hukauka kwa miezi kadhaa, na pigo kali laweza kukihamisha kifuniko hata miaka ikishapita. Bondia ningemshauri PRK. SMILE, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, haina kifuniko: kipande chembamba hukatwa ndani ya konea na kutolewa kupitia mkato wa milimita chache.

Sasa tupige hesabu. Kila namba moja ya miwani ya kutoona mbali hula takriban maikroni 14. Mwenye namba 8 atapoteza 112. Kama konea yake ni 480 na kifuniko cha LASIK ni 110, chini yake zitabaki 258. Mpaka unaotajwa sana ni 250. Kwangu mimi hiyo ni karibu mno. Kwa PRK, utando ukiwa 50, zitabaki 318. Kwa mtu huyu njia ya zamani ndiyo salama zaidi, au lenzi ya kupandikizwa ndani ya jicho, ambayo haiugusi unene huo wa konea.

Unene peke yake hautoshi. Kuna konea zinazochongoka polepole kama koni, hasa kwa vijana wenye mzio wanaofikicha macho kila mara. Mwanzoni mwenyewe hajui; hudhani miwani ndiyo imebadilika. Konea hiyo ikipitiwa na leza huzidi kulegea. Kwa hiyo dai picha ya ramani ya konea, na vua lenzi za kuvaa wiki moja au mbili kabla ya kupimwa, maana huipotosha.

Umri nao una neno. Mwenye miaka 45 na namba 2, ambaye leo huvua miwani ili asome simu, akirekebishwa kikamilifu atahitaji miwani ya kusomea. Wengine huacha jicho moja na namba kidogo kwa ajili ya karibu. Mpangilio huo hujaribiwa kwanza kwa lenzi za kuvaa, kwani si kila mtu huuzoea.