Chuma Kimo Udongoni, Mbona Mtama Una Njaa?

Mama mmoja aliniletea mtoto kliniki mjini Lodwar, kope zikiwa zimepauka kwa ndani. Nilipomwambia damu ya mtoto ni kidogo na huenda anakosa chuma, akasema: "Daktari, hata mtama wangu pale kando ya Turkwel umekuwa manjano. Ardhi yetu haina chuma?"

Kinacho, tena tele. Chuma ni miongoni mwa madini yaliyo mengi kabisa duniani, lakini mizizi haiwezi kukifyonza kisipoyeyuka. Nchi kame kama Turkana hukosa mvua ya kuosha chokaa na chumvi, hivyo udongo huelekea kuwa wa magadi. Magadi yakipanda daraja moja tu katika kipimo cha wataalamu, chuma kinachoyeyuka hupungua takriban mara elfu moja. Maji ya kisima yenye magadi huongeza taabu. Vivyo hivyo kumwagilia hadi mizizi ikose hewa, na kutia fosfeti kupita kiasi. Mtama huathirika upesi.

Tazama majani machanga ya juu: hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Yakianza majani ya chini yaliyokomaa, shuku ukosefu wa naitrojeni.

Wako wanaofukia misumari shambani. Ni kazi bure, kwa kuwa kutu yake haiyeyuki katika magadi yale yale. Samadi iliyooza vizuri husaidia zaidi. Kule Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, wako wanaopanda mboga ndani ya magunia, na hapo mtu aweza kujichagulia udongo wa kujaza. Wakulima wengine hunyunyizia majani salfeti ya chuma. Naam, ni chumvi ile ile iliyo katika vidonge vya wajawazito! Lakini vidonge hivyo viwekwe mbali na watoto, maana mtoto akivimeza vingi aweza kufa.

Je, mtama wa manjano ndio uliomwondolea mtoto damu? La. Malaria na minyoo ya safura huleta hali hiyo hiyo. Chai nayo, ikinywewa pamoja na chakula, hukizuia chuma cha nafaka na mboga kuingia mwilini, kama magadi yanavyouzuia mmea.

Tulimpima yule mtoto: alikuwa na malaria. Mtama nilimwelekeza mama kwa afisa wa kilimo.