Soma Paketi Kabla ya Kukoroga



Mtoto anayeharisha huweza kufa kwa kupungukiwa maji mwilini. Dawa ya kwanza ni maji ya chumvichumvi, yaani ORS. Lakini paketi hazilingani. Nyingine ni ya lita 1 ya maji, nyingine ni ya nusu lita. Ukitia maji machache mno, chumvi inazidi na inamdhuru mtoto. Ukitia maji mengi mno, dawa inakosa nguvu. Kipimo kimeandikwa kwenye paketi. Kwa hiyo darasa la kisomo cha akina mama nalo ni tiba.

Fanya hivi:
1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Soma kipimo. Pima maji yaliyochemshwa yakapoa. Chupa ya maji ya dukani imeandikwa kiasi chake.
3. Mimina unga wote, koroga.
4. Kila akiharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo mpaka nusu ya kikombe kikubwa, kidogo kidogo kwa kijiko. Aliyezidi umri huo apewe nusu mpaka kikombe kizima.
5. Endelea kumnyonyesha na kumlisha.
6. Zikipita saa 24, mwaga. Koroga mengine.

Ukipewa vidonge vya zinki, mpe mpaka viishe, hata kama kuhara kumekoma.

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Hawakusikiliza tu, walitenda. Akina mama, leo mna redio na simu. Sikilizeni kipindi cha afya pamoja. Mmoja asome, wote mjadiliane, mkate shauri la kutenda wiki hiyo.

Nanyi akina baba! Simu ikikaa mfukoni mwa baba aliye safarini, mama atampigiaje mhudumu usiku? Andikeni namba ya zahanati ukutani. Mtoto akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea, au akiharisha damu, mama asingoje ruhusa. Aende zahanati mara moja. Kama mtoto anaweza kunywa, amnyweshe njiani. Na jioni ya darasa, baba abaki na watoto.

Jadilianeni:
1. Nani nyumbani kwako anaweza kusoma paketi?
2. Simu hubaki na nani?
3. Usiku, nani atamsindikiza mama zahanati?