Pembe ya meno ya mbele: kipimo ya nani?



Mu sendika tunazoea kusema juu ya mushahara na kofia za kazi. Leo tuseme juu ya meno ya watoto, maana nayo yanakula mushahara.

Mzazi anatoka Pweto na mtoto, anafika Lubumbashi kwa munganga wa meno. Wanapiga radio ya kichwa kwa upande. Munganga anakata mistari juu ya ile picha, anapima pembe, anasema: meno yanalala sana mbele, tung'oe manne, tufunge waya. Mzazi anaanza kuhesabu deni.

Ile kipimo inatoka wapi? Mwaka 1931 Broadbent wa Marekani alionyesha namna ya kupiga radio kichwa kikiwa kimeshikwa palepale. Mwaka 1953 Steiner, naye wa Marekani, alitoa hesabu zake. Mstari unatoka pa mwanzo wa pua, kati ya macho, unashuka mpaka mufupa wa juu. Jino la mbele la juu lipishane nao kwa digrii 22. La chini, na mstari wake, digrii 25. Kati ya jino la juu na la chini, digrii 131.

Lakini hizo ni hesabu za nyuso za wazungu. Mwaka 1989 Kapila alitangaza vipimo vya watoto Wakikuyu wa Kenya: meno yao ya mbele yanalala mbele kuliko ya wazungu. Haiko ugonjwa, ni uso wao. Sisi wa mugodi tunajua: ukuta wa shimo unapewa pembe kufuatana na jiwe la pale, haiko jiwe la inchi ingine.

Hatusemi munganga anadanganya. Kuko meno yanayotoka mpaka midomo haifungi. Mtoto akianguka, yanavunjika upesi. Mtoto wa vile asaidiwe.

Basi, mbele ya kukubali, muulize:

– Hizi digrii ni za watu gani?
– Mtoto anafunga midomo bila kujikaza? Anatafuna muzuri?
– Kuko njia bila kung'oa?
– Bei yote ni ngapi? Waya inaangaliwa kila mwezi moja ao mbili, karibu miaka miwili. Muhesabu na safari za Pweto.

Radio na karatasi ya vipimo muziombe, muzichunge. Munganga wa pili atazisoma, na jino litakuwa lingali mu kinywa.