Soko la magari ya kifahari ya safari Karatu na Ngorongoro

Magari ya kifahari ya safari ni magari makubwa yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, yenye nafasi na starehe za gari la mjini pamoja na uwezo wa kupita njia mbovu. Duniani kote mahitaji yake yamekua sana tangu mwanzo wa karne ya 21, hata makampuni yaliyojulikana kwa magari ya mbio yameingia katika soko hilo. Katika mji wa Karatu na Hifadhi ya Ngorongoro, kaskazini mwa Tanzania, magari ya aina hii ni mengi kuliko sehemu nyingi za nchi. Hata hivyo mnunuzi wa huku hachagui kama mnunuzi wa Ulaya, na gari linalohesabiwa kuwa la kifahari si lilelile.

Makampuni ya magari ya mbio

Lamborghini ilijaribu mapema: gari lake la LM002 lilitoka mwaka 1986, lakini yalitengenezwa machache tu. Mabadiliko yalianza na Porsche, iliyoonyesha Cayenne mwaka 2002. Wapenzi wengi wa 911 walilalamika, lakini Cayenne iliuzwa kwa wingi na kuiimarisha kampuni. Wengine walifuata: Bentley Bentayga (2015), Maserati Levante (2016), Lamborghini Urus (2017), Aston Martin DBX (2019) na hatimaye Ferrari Purosangue (2022). Faida inaonekana wazi kwa Lamborghini: mwaka 2017 iliuza magari 3,815, na mwaka 2019, Urus ikiwa sokoni, ikauza 8,205, kati yake Urus 4,962.

Wanunuzi wa magari haya ni watu wa mijini wanaotaka jina la gari la mbio lakini wana watoto na mizigo. Wachache huyatoa nje ya lami. Inafurahisha kwamba neno wanalolipenda watangazaji wao, "safari", limetoka katika Kiswahili na kuingia katika biashara ya magari kupitia Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Porsche yenyewe ilipeleka 911 zilizoinuliwa katika mashindano ya mwaka 1978 nchini Kenya. Vic Preston Mdogo alimaliza wa pili na Björn Waldegård wa nne, nyuma ya Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas.

Kwa nini Karatu ina soko lake

Karatu ipo kati ya Mto wa Mbu na lango la Lodoare, ambalo ndilo mlango wa Ngorongoro. Lami inaishia langoni. Kuanzia hapo ni barabara ya udongo inayopanda hadi ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Sakafu ya kreta iko takriban mita 600 chini ya ukingo. Magari hushuka kwa njia ya Seneto na kupanda kwa njia ya Lerai. Upande wa mashariki kuna njia nyingine inayotumika kwa kushuka na kupanda. Gari lisiloendeshwa kwa magurudumu manne haliruhusiwi kushuka.

Historia nayo ilichangia. Zamani watalii wengi walitoka Nairobi na magari ya Kenya. Mwaka 1977 Tanzania ilifunga mpaka, na haukufunguliwa tena hadi 1983. Hata baada ya hapo magari ya watalii yaliyosajiliwa Kenya hayakurudishiwa ruhusa ya kuzunguka hifadhini; huwafikisha wageni katika miji iliyokubaliwa, kisha gari la Tanzania linawapokea. Kwa hiyo Arusha na Karatu zililazimika kuwa na magari yao zenyewe, pamoja na gereji na mafundi wa kuyahudumia.

Gari linalonunuliwa

Kwa miaka mingi gari la safari lilikuwa Land Rover. Leo sehemu kubwa ni Toyota Land Cruiser ya familia ya 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984. Mara nyingi ina injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, isiyo na tabo. Haina mwendo wa kujivunia. Sifa yake ni kwamba fundi wa Karatu anaijua na spea zake hazitafutwi mbali. Gari likikwama kati ya Olduvai na Naabi, ambako barabara ina mikunjo kama bati na vumbi jingi, tatizo la injini ya zamani hutafutwa kwa spana. Gari la kisasa huenda likadai kompyuta ya kulipima, nayo haipo porini. Wageni waliolipia siku moja ya kreta hawarudishiwi siku hiyo na mtu yeyote.

Kabla ya kuanza kazi gari hupelekwa karakana, hasa Arusha, ambako makampuni kama Hanspaul huliundia bodi upya. Hukatwa na kurefushwa, huongezwa safu ya viti ili kila mgeni apate dirisha lake, na huwekewa paa linaloinuka ili watu wasimame kuangalia wanyama. Humo ndimo anasa ya Ngorongoro ilipo: viti vizuri, friji ndogo, soketi za kuchajia kamera, nafasi ya miguu. Cayenne ina viti bora kuliko hivyo, lakini mtalii hawezi kusimama ndani yake amtazame faru.

Hesabu ya ada inaeleza mengi. Ada ya kushuka kreta hutozwa kwa gari, si kwa mtu. Katika miaka ya karibuni imekuwa dola 250, na pamoja na VAT ya asilimia 18 inafika 295. Wageni sita katika gari moja hugawana takriban dola 49 kila mmoja. Wawili katika gari dogo hulipa 147.5 kila mmoja. Ndiyo sababu mwenye kampuni hulipia kurefusha gari kabla ya kufikiria nembo iliyo mbele yake.

Kodi na wanunuzi binafsi

Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inawasamehe ushuru mawakala wa utalii wenye leseni wanapoingiza magari ya magurudumu manne yaliyotengenezwa maalumu kwa watalii. Mtu binafsi hana nafuu hiyo. Kwa viwango vilivyozoeleka, gari lenye injini ya zaidi ya lita 2 hulipiwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa 10, kisha VAT 18, kila moja juu ya jumla iliyotangulia. Gari la shilingi milioni 100 bandarini linafika zaidi ya milioni 162 kabla ya tozo ndogondogo. Likiwa na umri wa zaidi ya miaka 10 huongezwa ushuru mwingine wa asilimia 30, na jumla inapita milioni 206.

Hata hivyo hamu ya gari kubwa ipo. Watanzania wana jina lake, *shangingi*, lililozoeleka hasa kwa Land Cruiser za starehe za vigogo wa serikali na miradi. Mfanyabiashara wa Karatu akipata fedha, kwa kawaida hutamani shangingi la Toyota kuliko Porsche. Heshima anaipata vilevile, na siku akitaka kuliuza mnunuzi hakosekani.

Magari ya umeme

Tangu 2018 baadhi ya Land Cruiser za kaskazini zimeondolewa injini ya dizeli na kuwekewa mota ya umeme na betri. Bodi na paa hubaki yaleyale. Faida yake kubwa hifadhini ni ukimya: gari linaweza kusogea karibu na wanyama bila mngurumo, na wageni husikia sauti za ndege. Ugumu uko katika umbali na mahali pa kuchaji, na katika ule mpando wa Lerai jioni, gari likiwa limejaa watu na betri imeshatumika tangu asubuhi.