'WAZEE' WA MIAKA 19 NA NDOA YA MKEKA

Na Mwandishi Wetu

BILA shaka umeshawaona. Wanatembea wawili wawili, mashati meupe, tai shingoni, kibao cheusi cha jina kifuani, na jua la saa nane limewaivisha nyuso. Ukiwauliza majina, kila mmoja anajitambulisha kuwa ni Mzee fulani. Mzee gani huyo, hata ndevu hazijaota!

Hao ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi tumezoea kuwaita Wamormoni. Kwao "Mzee" ni cheo, si umri. Mwaka 2012 kanisa lilishusha umri wa kuanza kazi hiyo: wavulana kutoka miaka 19 hadi 18, na wasichana, ambao huitwa Dada, kutoka 21 hadi 19. Mvulana hutumika miaka miwili, msichana mwaka mmoja na nusu.

Mshahara hakuna. Tena kijana na familia yake ndio wanaochangia gharama, na wengine huanza kudunduliza tangu wakiwa watoto. Pa kwenda hachagui. Anaomba, anasubiri, jibu linatoka makao makuu, Salt Lake City, Marekani. Anaweza kuota Paris akaangukia kwenye baridi ya Mongolia.

KAMA JESHINI

Waliopitia JKT watanielewa. Ratiba waliyoizoea ni kuamka saa 12:30 asubuhi, mazoezi ya viungo, kifungua kinywa, kisha kusoma maandiko na lugha ya wenyeji. Saa 4 wako barabarani mpaka usiku, na saa 4:30 taa zimezimwa. Disko hakuna, senema hakuna, na mambo ya wachumba ndiyo usiseme. Siku moja tu kwa wiki ni ya kufua, kunyoa, kwenda sokoni na kuwaandikia wa nyumbani.

Pombe na sigara ni mwiko. Kahawa nayo mwiko, hata chai! Hapo ndipo wanapopata tabu kwetu. Mama mwenye nyumba keshatoa vikombe vya wageni, halafu mgeni anasema asante, sinywi. Si watu wataanza kuulizana tumemkosea nini?

MWENZIO HUMCHAGUI

Lakini mtihani mkubwa ni yule anayetembea naye. Hapangiwi nyumba tu, anapangiwa na mtu. Wanalala chumba kimoja, wanakula pamoja, wanatoka pamoja, na isipokuwa msalani, hawaachani. Awe mkoromaji, awe mvivu wa kuosha vyombo, ndiye huyo huyo. Ndoa ya mkeka hiyo, jamani! Mkigombana huna pa kwenda kununia. Na siku mnapoanza kuzoeana, uhamisho unakuja, unapewa mwingine.

Ajabu ni kwamba pamoja na kutoachwa peke yake hata saa moja, kijana huyo anaweza kuwa mpweke kuliko mtu yeyote mtaani. Kutwa nzima amefungiwa milango, lugha haijapanda, na mama yuko bara jingine. Zamani ruhusa ya kupiga simu nyumbani ilikuwa mara mbili tu kwa mwaka: Krismasi na Siku ya Mama. Februari 2019 kanisa likaruhusu simu kila wiki.

Wapo watakaosema vijana wanadekezwa. Mimi nakataa. Kumkumbuka mama si udhaifu. Mwaka 1898, kijana wa Kimarekani aitwaye David O. McKay alikuwa mmisionari Scotland. Katika mji wa Stirling alikuwa amekata tamaa, nyumbani kunamvuta. Akaona jiwe juu ya mlango wa nyumba, limechongwa maneno ya kumtaka mtu, awe nani, atimize vyema sehemu yake. Akajisemea maneno hayo yanamhusu. Mwaka 1951 ndiye aliyekuwa rais wa kanisa hilo zima, akaliongoza mpaka alipofariki mwaka 1970. Kama mtu wa aina hiyo alishikwa na unyonge ugenini, sembuse mtoto wa watu wa miaka 19?

Wapo pia wanaorudi kabla ya muda, kwa maradhi au moyo uliochoka. Hao huwakuta majirani wakiwatazama kwa jicho la pembeni, kana kwamba wametoroka vitani. Tusijidai kuwashangaa. Hata huku kwetu, kijana akirudi kutoka Ulaya mikono mitupu tunamfanyia hivyo hivyo.

Basi msomaji, siku wakigonga hodi, dini yao una hiari ya kuikataa. Hilo ni la kwako na Mungu wako. Lakini wakaribishe kivulini, uwape maji. Huko walikotoka kuna mama anahesabu miezi.

Chai usihangaike kuchemsha.